Nilitapeliwa mlangoni, sasa nimemfungia mzee wa watu. Nimekosa?

Swali: Shikamoo mama. Nina watoto watatu, naishi Makorora hapa Tanga, nauza maandazi na chai asubuhi. Mume wangu ni fundi baiskeli. Mwezi uliopita alikuja mwanamke mlangoni, mtoto mgongoni, akasema ametoka Bombo hospitali na hana nauli ya kurudi Kilindi. Nikampa elfu kumi, nayo ilikuwa ya unga wa kesho yake. Baada ya siku tisa nikamkuta stendi ya Kange anamweleza mtu mwingine maneno yale yale, na mtoto ni mwingine. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Jumatano iliyopita akaja mzee na fimbo yake, akaomba chochote. Nikamwambia, "Samahani baba, hatuna," nikafunga mlango, na karai la maandazi liko jikoni linanukia. Tangu siku hiyo silali vizuri. Yesu alisema, "Akuombaye, mpe." Hata tapeli? Na kwa yule mzee, nimetenda dhambi? Mume wangu anasema mtaa wetu wengi ni Waislamu, kila mtu ahangaike na watu wa dini yake.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na mzee, kwa sababu yeye ndiye anayekunyima usingizi. Yule mwanamke amekunyima elfu kumi tu.

Ndiyo, ulikosa. Nalisema mapema tusije tukapigana chenga. Lakini angalia vizuri ulikosea wapi. Kutompa pesa si kosa, hukuwa na deni lake. Ulikosea kwenye lile neno "hatuna", wakati maandazi yanatoka motoni. Mzee ana pua, mwanangu. Alijua mnacho, na akajua umeona heri kumdanganya kuliko kumwambia ukweli. Mwanamke wa Kange alikupa uongo, noti ya bandia, nawe ukaenda kumlipa nayo mzee asiyehusika. Dawa ya hilo ipo, nitaifikia. Kwanza tumalizane na tapeli.

"Akuombaye, mpe" ni Mathayo 5:42, na nimeyasikia maneno hayo yakitumiwa kama fimbo na watu wa kila namna, wengine wakiwa na kipaza sauti mkononi. Yasome tena taratibu. Imeandikwa mpe. Haikuandikwa mpe kile alichokitaja. Yule kiwete wa mlangoni pa hekalu katika Matendo 3 aliomba pesa. Petro hakuwa nayo, akamwambia hivyo bila haya. Ila kabla ya kumwambia, alisema neno ambalo watu hulipita mbio wakikimbilia muujiza: "Tutazame sisi." Yeye na Yohana walisimama, wakamkazia macho, wakataka naye awatazame. Mtu anayeomba kutwa nzima amezoea kutazamwa mabegani, au kutazamwa mkono wake ulionyooshwa. Kwa hiyo kitu cha kwanza kumpa anayebisha hodi ni kumtazama usoni na kumwamkia. Hakina gharama, na matapeli huwa hawakipendi sana, maana anayekutazama vizuri atakukumbuka.

Shida yako si ngeni. Wakristo wa mwanzo kabisa walitapeliwa, tena na watu waliokuja wakitaja jina la Bwana. Kuna kijitabu cha zama zilizokaribiana na za mitume, kinaitwa Didake, yaani Mafundisho. Kilikuwa kimepotea kwa karne nyingi, mpaka mwaka 1873 mwanazuoni Mgiriki, Philotheos Bryennios, alipokikuta maktabani Konstantinopoli. Humo wanaelekezana namna ya kupokea wageni. Ajaye kwa jina la Bwana apokewe, kisha mtamchunguza. Akiwa msafiri, msaidieni mnavyoweza, ila asikae zaidi ya siku mbili, au tatu ikibidi. Akitaka kubaki na ana ufundi wake, afanye kazi ale. Na anayejiita mtume, wakati wa kuondoka akidai fedha, huyo ni nabii wa uongo. (Hili la mwisho libandike ukutani, halijachuja.)

Nilipoisoma habari ya siku tatu kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Bibi yangu alikuwa akituimbia: "Mgeni siku ya kwanza, mpe mchele na panza." Wimbo unakwenda siku kwa siku, chakula kinapungua, mpaka siku ya nne: "mpe jembe akalime." Watu wa kule hawakuwahi kumwona samaki panza wa bahari yetu, na hesabu yao imelingana na ya bibi. Na usidhani jembe ni namna ya kumfukuza mtu. Ukimpa mtu jembe umemwingiza kwenye shamba lako, umemfanya wa nyumbani. Paulo naye aliwaandikia Wathesalonike kwamba mtu asiyetaka kufanya kazi asile. Ameandika hataki. Asiyeweza hayumo, na aliyetafuta kibarua tangu alfajiri akakikosa hayumo. Watu hulitaja andiko hili kila wanapotaka kufunga pochi, wakasahau kulisoma kitenzi chake.

Didake wanasema pia jambo litakalokutua mzigo. Anayepokea kwa shida hana hatia. Anayepokea bila shida atahojiwa alipokea kwa nini na akafanyia nini. Umeona hesabu imeandikwa kwa jina la nani? Ile elfu kumi ilitoka mkononi mwako ikiwa sadaka na itabaki sadaka. Alichoifanyia yule mwanamke ni kesi yake. Mwache mumeo acheke, mafundi baiskeli wana ucheshi wao.

Hata hivyo, kitabu hicho hicho kinasema sadaka yako itoke jasho mkononi mpaka ujue unampa nani. Sasa mlinganishe na Yohane Krisostomo, aliyekuwa akihubiri Antiokia karne ya 4. Yeye anasema mtoaji ni bandari. Chombo kikivunjika, bandari humpokea kila anayefika, mwema na mwovu, haimuulizi kilichompata baharini. Maskini, anasema, ana dai moja tu, nalo ni uhitaji wake. Mmoja anakwambia chunguza, mwingine anakwambia usichunguze. Umfuate yupi?

Kabla sijakujibu, nikwambie langu. Nilipokuwa nahudumu diakonia ya usharika, yaani huduma ya kanisa kwa wenye shida, mwanamume mmoja alituletea barua yenye muhuri wa usharika wa mbali, ati ameibiwa safarini. Tukamchangia, mzee mmoja wa kanisa akamvulia hadi viatu. Baadaye tukaja kujua muhuri ule ulichongwa kwenye soli ya kandambili. Wiki mbili hazijapita, akaja mama wa makamo, kabana mfuko wa rambo kwapani. Akaanza, "Natoka Bombo..." Sikumwacha amalize. Nikamwambia ofisi imefungwa, na kweli nikaifunga, nikaenda nyumbani kwangu. Asubuhi nilimkuta amelala varandani pa kanisa, ule mfuko kaufanya mto. Alipoamka hakunilaumu. Aliufungua mfuko, akanipa karatasi ya kuruhusiwa wodini. Ilikuwa na tarehe ya jana yake. Alikuwa na dawa za kumeza mara tatu baada ya chakula, na chakula hakuwa nacho. Kuisoma karatasi ile jana yake kungenichukua nusu dakika.

Tangu hapo nina utaratibu wangu, na mpaka leo sijaona sababu ya kuubadili. Chakula, maji, kivuli na salamu: hapo uwe bandari ya Krisostomo, usiulize. Pesa: hapo mkono utoke jasho. Andazi na chai ya rangi havina upelelezi. Mwenye njaa atakula. Asiye na njaa ataondoka mwenyewe akilalamika, na hutakuwa umepoteza kitu. Akila tapeli je? Tapeli naye ana tumbo. Pesa ni jambo jingine, maana pesa humwacha mtu aende zake nawe ukajisikia umemaliza kazi, kumbe hata jina lake hukulijua.

Twende kwa Msamaria mwema, Luka 10, tuitazame hesabu yake kama mfanyabiashara anavyoitazama. Alimfunga yule mtu majeraha, akampandisha juu ya mnyama wake, yeye akatembea kwa miguu. Akampeleka nyumba ya wageni. Ndiyo, gesti, Biblia yetu inasema hivyo, na najua Tanga neno gesti lina sifa zake. Kesho yake akatoa dinari mbili. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, unaiona kwenye Mathayo 20, kwa hiyo ni kibarua cha siku mbili. Na pesa hiyo hakumpa mgonjwa, alimpa mwenye nyumba, mtu mwenye anwani. Kisha akaendelea na safari yake. Hakumhamishia kwake wala hakuiacha biashara yake ife. Ila alisema, "mimi nitakaporudi nitakulipa." Mahubiri mengi huishia kwenye mafuta na divai. Mimi naona uzito wote uko kwenye "nitakaporudi". Alikuwa amepanga kurudi, kumtazama mtu wake na kukagua matumizi.

Sasa lete hayo Makorora. Siku nyingine akija mtu anasema hana nauli ya Kilindi, usifungue pochi mlangoni. Mpe chai. Muulize amelazwa wodi gani, nani amempokea, ana karatasi? Hospitali ina ofisi ya ustawi wa jamii, na kazi yake mojawapo ni hao wasiojiweza, hata katika gharama za matibabu. Kama ni kweli na amekwisha ruhusiwa, mwambie kijana wako amsindikize Kange, nauli aishike kijana, amkabidhi kondakta, aone gari likitoka. Hata tiketi usimpe mkononi, zipo zilizorudishwa dirishani kabla gari halijawashwa. Kisha omba namba ya simu ya mtu wa huko aendako, jioni piga uulize kama amefika. Mwenye shida ya kweli atakushukuru kwa simu hiyo kuliko kwa nauli. Yule mwingine atakumbuka ghafla kwamba ana shangazi Chumbageni.

Akija mtoto mdogo ametumwa na mtu mzima aliyejificha kwenye kona, mpe chakula ale mbele yako, pesa usimpe hata kidogo. Ukiona kuna unyanyasaji, piga 116, ni simu ya huduma kwa watoto, haina malipo.

Nakusikia unasema, "Mama, niko peke yangu na watoto, nimkaribishe mtu nisiyemjua?" La, ndani usimwingize. Ukarimu haukudai uwe mjinga. Lakini wewe unaishi Tanga, na wazee wa pwani walilijibu swali hili kwa udongo na chokaa kabla hujazaliwa. Mbele ya nyumba kuna kibaraza. Anayekaa pale hajaingia kwako na hajafukuzwa. Jirani anamwona, mpita njia anamwamkia, wewe unamletea kikombe kupitia mlango ulio wazi. Aliyekuja na nia mbaya hapendi kukaa barazani, kuna macho mengi. Aliyechoka hapaoni kama dharau, ndipo alipokaa hata shemeji yako alipokuja kuposa. Nyumba mpya siku hizi zinajengwa na ukuta na geti, kibaraza kimekwenda, na nadhani tumepoteza nafasi ya katikati. Kumebaki ndani na nje tu. Kama kwako kibaraza kipo na umekijaza madumu na matairi ya fundi, kiondolee vitu upande mmoja.

Suala la pesa ya unga. Hapo mumeo ana hoja, pamoja na kicheko chake. Paulo anamwambia Timotheo kwamba asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani, na kwa Wakorintho anasema mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alicho nacho. Kutoa mtaji wa kesho kwa siri, mwenzako hajui, mara nyingi ni huruma iliyochanganyika na woga, kwa sababu aliyeomba alikuwa analia na wewe ulitaka anyamaze. Kaeni jioni mpatane kiasi. Walawi 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni kabisa. Pembe ni za maskini na mgeni, na ndipo Ruthu, mwanamke wa Moabu, alipookotea shayiri. Angalia kwamba pembe ya shamba ni ngano ile ile, si makapi. Basi maandazi ya pembeni yasiwe yale yaliyoungua au ya juzi. Toa manne kwenye karai la kwanza, weka kwenye bakuli, funika. Yakifika saa nne hakuna aliyekuja, walishe watoto wa jirani. Na pesa, tafuteni kopo, kila siku litumbukie mia mbili au mia tano mliyopatana. Mtu akija na kopo lina kitu, unatoa bila kugombana na nafsi yako. Likiwa tupu unasema, "Leo sina pesa, baba, lakini kaa unywe chai," na hapo "sina" yako ni kweli.

Hilo la "kila mtu na watu wa dini yake" nalikataa. Yule mwanasheria alimuuliza Yesu, jirani yangu ni nani? Alitaka mpaka, apewe orodha ya anaowadai na wanaomdai. Akapewa hadithi ambayo aliyetenda wema ni Msamaria, mtu wa kabila na ibada waliyoidharau. Na alipoulizwa mwishoni nani alikuwa jirani, mwanasheria yule hakuweza hata kulitamka neno Msamaria, akasema "huyo aliyemwonea huruma". Karne ya 4, mwaka 362, Kaisari Juliano, aliyeuacha Ukristo akataka kuirudisha dini ya miungu ya zamani, alimwandikia kuhani wake akilalamika kwamba hao Wagalilaya, ndivyo alivyowaita Wakristo, wanawalisha maskini wao na kuwalisha maskini wetu juu yake. Ningependa Makorora ilalamike hivyo juu yako.

Tena si kana kwamba majirani zako wanasubiri kufundishwa na sisi. Ijumaa asubuhi pita barabara za Ngamiani uone wenye maduka walivyoziweka sarafu tayari juu ya meza, na wazee na vipofu wakipita duka hadi duka. Hakuna anayewauliza dini. Wewe mwenyewe siku ulipojifungua, uji wa kwanza ulitoka nyumba ya nani? Kwa hiyo usimwekee mtu sharti. Usimwambie njoo Jumapili kanisani ndipo nikupe. Hiyo si sadaka, ni nauli ya kumbeba mtu asikotaka kwenda.

Na sisi watu wa Tanga tuwe waangalifu na neno mgeni. Tunajitapa, "waja leo waondoka leo". Lakini mkonge ulipoletwa pwani hii mwaka 1893, na mashamba yakaenea mpaka Korogwe, waliokuja kuukata walikuwa manamba, kutoka Songea, Kigoma, Burundi, Msumbiji. Walikuja kwa mkataba, wengi hawakuondoka. Kisha kamba za plastiki zikaiua bei, mashamba yakafungwa moja baada ya jingine. Nimewakuta wazee wa aina hiyo zaidi ya mara moja, mikono ina makovu ya miiba, hawana ukoo hapa na njia ya kwao hawaikumbuki tena. Mzee akibisha hodi Makorora bila kutaja mtoto wala mjukuu, hilo ndilo linalonijia kwanza.

Kwa hiyo mtafute. Umesema fimbo, umesema Jumatano. Usianze kwa balozi wa nyumba kumi, mzee ataogopa akidhani anashtakiwa. Anza kwa muuza kahawa wa kwenye kona yenu, yule wa jioni mwenye birika la shaba na kashata. Wauza kahawa wanajua kila mzee analala wapi na anakohoa kwa muda gani. Ukishampata ndipo umwone mwenyekiti wa mtaa, uulize kama yumo kwenye orodha ya TASAF ya kaya maskini, na kama hayumo anaingizwaje. Mweleze na mchungaji wako, diakonia ndiyo kazi yake. Hayo ni ya wiki ijayo.

Siku ya kwanza nenda na bakuli tu. Mwamkie, mpe mkono. Mwambie, "Baba, Jumatano nilikwambia hatuna. Yalikuwepo." Usiongeze maelezo ya mwanamke wa Kange, hayamhusu. Akikataa kupokea, mwachie bakuli kwa muuza kahawa, urudi Jumatano.